Uso wa Elikana

Kulikuwa na baba mmoja, jina lake Elikana, aliyefiwa na mkewe. Siku ya mazishi alilia mbele za watu hadi kofia ikamdondoka, yeye ambaye hakuwahi kulia hadharani. Mtu akampiga picha.

Binti yake wa mwisho, Nakijwa, akaukata ule uso kwenye picha, akaufanya stika, akawatumia ndugu zake kwenye simu. Hakuandika neno. Stika ikatoka kwa ndugu ikaenda kwa marafiki, na huko njiani mtu asiyejulikana akaibandikia maneno: BANDO LIMEISHA. Kana kwamba mzee wa watu analilia intaneti.

Elikana aliikuta kwenye simu ya kinyozi wake. Kinyozi alikuwa anacheka, wala hakutambua kwamba uso ule ni wa huyo aliyeketi kitini mwake. Baba akainuka kichwa kimenyolewa nusu, akaenda zake. Tangu hapo hakutulia. Akiona vijana wameinamia simu sokoni, anabadili njia. Akisikia kicheko nyuma yake, anadhani ni yeye anayechekwa. Kutwa alijiuliza, nimlilie vipi mke wangu ndipo waamini kwamba nilimpenda? Na alipojua stika ilianzia kwa nani, aliumia zaidi, akaapa kwamba Nakijwa hatakanyaga nyumbani siku ya kuweka msalaba kaburini.

Siku ikafika. Wageni wameshaketi, saruji imeshakorogwa, na desturi ya nyumba yao ni kwamba wa kwanza kuutia msalaba mkono ni mtoto wa mwisho. Mtoto wa mwisho yuko nje ya geti. Elikana akaenda mwenyewe kumfukuza.

Nakijwa alimwamkia, naye hakuitikia. Ndipo binti akasema, "Baba, yale maneno sikuandika mimi, ila uso niliutuma mimi. Nikilia kama ulivyolia wewe sitainuka tena. Basi nakutazama kwenye ile stika, nacheka kidogo, ndipo napata usingizi."

Baba akashika komeo. Hakufungua, na hakuondoka. Nyuma yake saruji ilikuwa inaanza kukauka, na watu wanaulizana kulikoni.

Haya, niambieni ninyi mnaojua kulia inavyotakiwa: kati ya hao wawili, ni yupi ambaye hakuwa amefiwa?