Pate ya Mkato Mmoja

Mama Echa ndiye aliyenisimulia kwanza jambo hili. Alikuwa ananisuka, kichwa changu kikiwa kati ya magoti yake, kwa hiyo sikuweza kuondoka kabla hajamaliza. Nami nawapa ninyi kama nilivyopewa. Sikilizeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu mwishoni nitawauliza neno, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Katika mtaa wetu, huku Marekani kwenye baridi, tuko familia nyingi tuliotoka kambi za wakimbizi za Kigoma. Kati yetu kuna wanawake watatu waliokuja kwa ndege moja na wakabaki marafiki.

Sifa ana macho. Mwonyeshe gauni lililoshonwa na fundi asiyemjua, atakuambia kama fundi huyo hutumia mkono wa kushoto.

Apolina ana masikio. Alisoma Kifaransa Uvira kabla ya kukimbia, na anaweza kukujibu wewe huku anasikiliza maneno ya chumba cha pili.

Mama Asende ana pua. Akipita nje ya mlango wako anajua umepika nini, na kama ni cha leo au umepasha cha jana.

Wote watatu hukata kuku kwenye kiwanda kilicho mbali, saa mbili kwa basi kwenda na saa mbili kurudi. Wanaondoka watoto wakiwa wamelala, na wakirudi wanawakuta wamelala tena. Hilo liwekeni akilini.

Kwenye kona yetu kuna duka la mikate la Madamu Mirlande, mama wa Kihaiti. Anauza vitu wanavyoviita pate. Unga wake husukumwa na kukunjwa na siagi mara nyingi mpaka unakuwa tabaka tabaka, ndani huwekwa nyama ya ng'ombe, au kuku, au samaki wa chumvi, halafu hufungwa pande zote na kuokwa. Kwa nje zote zinafanana. Ndiyo maana kabla ya kuoka Madamu huzichora juu kwa ncha ya kisu. Mkato mmoja ni nyama. Mikato miwili ni kuku. Isiyo na mkato ni samaki.

Chakula kilichofungwa pande zote hakikuwapendeza watu wetu. Sifa alishuku kwamba Madamu anauza za jana. Apolina alishuku kwamba akizungumza kwa lugha yake anatusengenya. Mama Asende, ambaye ni Msabato na hagusi nguruwe, alishuku mafuta. Kwa hiyo kila Jumapili asubuhi waliingia pale ili wamkamate, na kila Jumapili walitoka na mfuko umejaa.

"Wangefanyaje," Mama Echa aliniambia, "na vitu ni vitamu?"

Jumapili moja waliingia kama kawaida. Mbele yao alikuwa Nabintu na mtoto wake Wilondja, wa miaka mitano. Mtoto huyu hali samaki. Akila, koo lake huvimba na pumzi hukata; mwaka jana gari la wagonjwa lilimbeba kutoka shuleni, na daktari alimwambia Nabintu kwamba mara ijayo wanaweza wasifike kwa wakati. Kwa hiyo Nabintu alinunua pate ya mkato mmoja tu, siku zote. Hiyo aliiamini. Siku hiyo alipewa ya mkato mmoja, akampa mtoto, mtoto akainua mkono kuipeleka mdomoni.

Sifa akaitazama ile pate. Kila siku mkato wa Madamu huinamia kulia. Huu uliinamia kushoto. Akajua zimechorwa na mkono mwingine, na moyo wake ukafurahi, maana aliona sasa amemkamata Madamu akiuza pate zilizonunuliwa kwingine. Akamwambia Nabintu, "Hii haikukatwa na yeye. Usile kwanza." Nabintu akaushika mkono wa mtoto. Lakini Sifa anajulikana kwa maneno yake, na mtoto alikuwa analia kwa njaa. Baada ya muda mfupi Nabintu akauachia.

Apolina akasikia sauti ngeni jikoni, ya mwanamke aliyekuwa anajisemea kazini. Kihaiti na Kifaransa ni kama watoto wa shangazi na mjomba, unashika hapa na pale. Alitega sikio apate tusi. Badala yake alishika neno la samaki, na neno la kisu, na neno la moja. Akasema kwa sauti, "Huko ndani kuna anayesema samaki ndiye wa mkato mmoja." Lakini Apolina alikuwa ameshawahi kusema mara mbili kwamba tunatukanwa, na mara zote mbili ilionekana Madamu alikuwa anahesabu mikate tu. Watu kwenye foleni wakacheka. Nabintu aligeuka kuwatazama, na mtoto akang'ata pembe ya unga.

Mama Asende, yeye alikuwa ameinama akinusa, kama kila Jumapili, akitafuta nguruwe. Duka lote lilinuka siagi, vitunguu na pilipili, na samaki alikuwa kila mahali, kwa hiyo hakumjali. Aliposikia neno la Apolina akaacha kutafuta nguruwe, akaleta pua yake karibu na kinywa cha mtoto. Harufu ya samaki ikamjia kutoka ndani ya ile pate. Akaipiga ikaanguka sakafuni, akamwingiza mtoto kidole mdomoni na kuutoa unga wote. Pale sakafuni pate ikapasuka. Ilikuwa samaki.

Madamu Mirlande alikuja mbio kutoka nyuma ya meza, akaiona, akakaa chini palepale kwenye unga. Wifi yake, Islande, alikuwa amefika wiki ile kutoka Haiti kumsalimia, na asubuhi hiyo alimsaidia kuchora. Kwao Islande, mji mwingine kabisa, mkato mmoja ni samaki. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona sababu ya kuuliza. Nani anauliza jambo ambalo mama yake alimfundisha?

Kisha Madamu akaanza kusema kwa lugha yake, Apolina akatafsiri. Alisema kifundo cha mkono wake kimechoka, hawezi tena kusukuma unga peke yake. Atamfundisha mmoja kati ya hao watatu, amwajiri, na akizeeka amwachie jiko. Mmoja tu, kwa sababu meza ni moja na jiko ni jembamba. Nabintu ndiye atakayechagua, kwa kuwa mtoto ni wake. Apewe wiki moja.

Fikirini: kazi iliyo dakika mbili kutoka nyumbani, mtu anamwamsha mwanawe mwenyewe na kumvalisha.

Tangu siku ile hawapandi basi pamoja. Sifa anasema Apolina alibahatisha, na kwamba bila yeye kuuzuia mkono mara ya kwanza mtoto angekuwa ameshameza. Apolina anasema pua iliyokuwa inatafuta nguruwe isingemwona samaki kama yeye asingeielekeza. Mama Asende anasema walioona na waliosikia waliongea tu, na maneno hayakumtoa mtoto kitu mdomoni. Tena anauliza: je, Madamu alisema mmoja, au Apolina ndiye aliyesema mmoja?

Na Madamu naye hakuwa mjinga. Siku ile, kabla hawajatoka dukani, aliwatazama wote watatu, akasema kwa Kiingereza chake kidogo, ili pasiwe na wa kutafsiri, "Kila Jumapili mlikuja kunikamata. Sasa mmoja wenu atashika kisu changu."

Mama Echa alipomaliza kusuka aliniuliza ningemchagua nani.  Nilimshukuru kwa nywele nikaenda nyumbani.

Asubuhi yake, Jumapili, siku ya Nabintu kutoa jibu, nilimbeba binti yangu nikaenda dukani. Watatu walikuwa wamesimama, kila mmoja upande wake. Nabintu alikuwa hajafika. Niliomba pate moja ya nyama. Nilipopewa niliutazama mkato, nao uliinamia kulia. Niliinusa. Nikamuuliza Madamu ni ya nini, nikaisikiliza sauti yake akijibu. Bado sikuridhika. Niliivunja katikati, nikaila nusu yangu kwanza, nikangoja, ndipo nikampa mwanangu.

Nilipoinua uso, wote watatu walikuwa wananitazama, kwa maana walikuwa wanaangalia nimeanza na macho, na pua, au na masikio. Nikatoka na mwanangu.

Je, wewe kama ungekuwa Nabintu, umefika mlangoni pale, ungemtaja nani?