Gari la Kiboko Lapunguzwa Uzito

Haya, sogeeni. Nikiita, mniitikie.

Nina uongo mfukoni!

"Utoe tuuone!"

Ni mkubwa, hautoki mzima!

"Ukate vipande!"

Basi nakata. Nanyi tafuneni polepole, maana mimi mwenyewe nasema polepole.

Hapo kale, lakini si kale sana, kwa kuwa magari yalikuwa yameshafika, juu ya jabali moja aliishi Bi Zawena. Bi Zawena alikuwa pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, mkia hana, shingo hana, na hata akisimama unadhani amekaa. Mumewe, Mzee Shomvi, Mungu amweke pema, alikuwa fundi wa magari, tena alikuwa na mashine ya kusaga. Kazi walifanya wote wawili. Mume akiingia chini ya gari, mke anampa spana. Mume akichoka, mke anaingia chini ya gari, mume anampa spana.

Mashine yao ilisaga nafaka ya jabali zima. Injini yake ilikuwa chuma kitupu, nzito kama dhambi, imefungwa kwenye sakafu ya saruji. Asubuhi ikinguruma, tuku-tuku-tuku, watoto walijua leo kuna ugali.

Mzee Shomvi akafa. Sote tutakwenda huko. Watu wakaja msibani, na Bwana Kiboko akaja kutoka mtoni. Alilia kuwashinda wafiwa, na alikula kuwashinda waliolia. Tanga lilipoanuliwa wenzake wakaenda zao. Yeye akarudi.

Bi Zawena alikuwa ndani, anakaa eda. Mwanamke aliye edani hatoki ovyo nje, na Kiboko alilijua hilo vizuri sana. Akatia pua dirishani.

"Shemeji, pole."

"Nimeshapoa, shemeji."

"Hii injini ya mashine wataiiba. Nitakuhifadhia."

"Iache hapohapo, shemeji. Haina miguu."

"Mjane na injini wapi na wapi? Nitakuhifadhia!"

Akaing'oa na saruji yake, krrrak! Bi Zawena akasimama nyuma ya dirisha, akaiona injini ya mumewe ikiteremka mlima juu ya mgongo wa kiboko. Kizingiti kilikuwa mbele yake na hakukivuka. Akasema, "Mungu yupo," akarudi kwenye mkeka.

Tangu siku hiyo jabali likarudi kwenye kinu na mchi. Twi! Twi! Twi! Watoto wa pimbi wakatoka malengelenge viganjani, na unga ukawa na mchanga. Na injini ilihifadhiwa wapi? Ilihifadhiwa ndani ya gari la Kiboko.

Hilo gari sasa! Gari la spoti, jekundu, bapa, milango miwili, limelala chini kama linanusa barabara. Ndani Kiboko aliweka kochi la sebuleni. Akaweka redio yenye spika kubwa. Akaweka feni. Akaweka mapazia ya kung'aa yenye vishada, na kioo cha kujitazamia, kikubwa kuliko kioo cha mbele. Gari lilipendeza, ila halikwenda. Siku moja lilikuwa linapanda mlima, tuku... tuku... tuku, Ngiri akalipita na kigari chake chenye mlango wa kamba. Ngiri alishika usukani kwa mkono mmoja, wa pili umeshika hindi la kuchoma.

"Shikamoo, Bwana Kiboko!" akasema Ngiri huku anatafuna. "Umeegesha?"

Kiboko hakulala kwa hasira. Mashindano ya magari yalikuwa karibu: kuanzia jabalini, kuteremka hadi mtoni, kisha kupanda tena. Akazunguka kwa mafundi wote, na mafundi wote walikuwa na udhuru, maana Kiboko humshukuru fundi kwa kumkanyaga. Akabaki fundi mmoja.

Eda ilikuwa imekwisha. Bi Zawena alikuwa ameoga, amevaa ovaroli la marehemu, Mungu amweke pema, amekunja mikono yake, na gereji iko wazi. Kobe, msimamizi wa mashindano, alikuwa pale anasubiri tairi lizibwe. Ngiri naye alikuwepo, anakula.

"Shemeji!" akasema Kiboko. "Gari langu zito. Lipunguze uzito. Lakini sikiliza. Raha yangu usiiguse. Urembo wangu usiuguse."

Bi Zawena akalizunguka gari. Akagonga hapa, ngo. Akagonga pale, ngo. Akagonga boneti, ngooo! Sauti ile aliijua. Midomo yake ikasoma dua.

"Tutoe kochi?"

"Kochi! Nikalie nini, misumari? Kochi linakaliwa. Liache!"

"Tutoe redio?"

"Redio! Nikipita watu watajuaje kwamba nimepita? Redio inasikilizwa. Iache!"

"Tutoe mapazia?"

"Wewe mwanamke, umekuja kunivua nguo? Mapazia yanatazamwa. Yaache!"

"Breki?"

Kiboko akafikiri. "Hako kachuma ka chini? Kananichubua kidole. Toa. Mimi sisimami kwa ajili ya mtu."

"Basi, shemeji, nimekuelewa. Kinachokaliwa kibaki. Kinachosikilizwa kibaki. Kinachotazamwa kibaki. Nitoe kile ambacho hukikalii, hukisikilizi wala hukitazami."

"Naam! Kumbe una akili, hujui tu kuwa mrefu."

"Na unaijua desturi ya gereji. Kinachotoka kwenye gari, mwenyewe asipokidai palepale, kinabaki kwa fundi."

"Takataka zako zote chukua! Kitakachotoka ni chako. Sitaki kukiona."

"Kobe amesikia?"

"Nimesikia," akasema Kobe.

"Ngiri amesikia?"

"Mdomo umejaa," akasema Ngiri, "ila masikio yapo."

Kiboko akajilaza kivulini, akakoroma. Bi Zawena akasema bismillahi, akafungua boneti.

Ilikuwa pale. Ilikuwa na masizi, na Kiboko alikuwa ameinywesha mafuta mabaya, lakini ilikuwa ileile. Pembeni palikuwa na alama ya nyundo, marehemu alipokosea siku moja akacheka mpaka akakaa chini. Bi Zawena akaifuta alama hiyo kwa ncha ya kanga. Kisha akafungua nati, kri, kri, kri. Pimbi wote wa jabali wakaja na kamba na magogo ya kuviringishia, haya wavute, haya wasukume, na injini ikarudi kwenye kibanda chake kama mzee anayerudishwa kitandani.

Pale ilipokuwa injini, palibaki shimo. Bi Zawena hakupenda kazi isiyo nadhifu. Akaenda ndani akaleta mto wa kulalia, wenye foronya aliyoidarizi mwenyewe maua pembeni na maneno katikati: LALA SALAMA. Akaulaza humo. Akafunga boneti, akalipaka gari nta, akaongeza vishada.

Kiboko akaamka. "Limekwisha?"

"Lisukume kwa pua, shemeji."

Akalisukuma kwa pua. Gari likayumba kama ungo.

"Lahaula! Na kochi lipo?"

"Lipo."

"Redio?"

"Ipo, na betri yake nimeijaza."

Kiboko akajitazama kwenye kioo, akajipenda. Boneti hakuifungua. Tangu lini bwana mkubwa akafungua boneti? "Nilitie barabarani?"

"Leo?" Bi Zawena akashusha sauti. "Mbele ya Ngiri, na jicho lake lile? Watalisema, lipasuke. Liache hapa mpaka siku yenyewe."

Kiboko akamtazama Ngiri. Ngiri akampungia gunzi. Kiboko akasema, "Kweli, shemeji. Mahasidi wengi."

Siku yenyewe ikafika. Wanyama wakajipanga huku na huku mlimani. Ngiri akapiga stata, kwe-kwe-kwe, kigari kikatoa moshi kama jiko la kuni. Gari jekundu lilikuwa kimya, jiwe liko chini ya tairi, Kiboko amezama kwenye kochi, feni inampepea.

"Shemeji, sioni pa kupiga stata."

"Siku hizi hupigi stata. Linaondoka lenyewe."

"Mbona halivumi?"

"Magari ya wenye hadhi hayavumi. Msikie Ngiri anavyovuma."

Kiboko akamsikia Ngiri, akamsikitikia. Kobe akainua bendera. Ilichukua muda, maana ni Kobe. Akaishusha. Bi Zawena akavuta jiwe.

Shwaaaaaa!

Jamani, lilikwenda! Lilikwenda kama uji unaomwagika. Mapazia papapapa, redio inaimba, vishada vimesimama vyote. Kiboko akampita Ngiri, akatoa kichwa nje.

"Shikamoo, Ngiri! Umeegesha?"

Shwaaaaaa! Akawapita nyani. Akawapita mbuni. Akauona mto. Akatafuta kale kachuma ka chini kanakochubua kidole.

"Hakapo!" akapiga kelele.

"Kako kwangu!" akajibu Bi Zawena kutoka juu.

Chubwi!

Wanyama wote wakakimbilia ukingoni. Maji yakatulia. Kwanza likatokea povu, kisha masikio mawili, kisha macho mawili, kisha pua. Mbele ya pua ukaibuka mto wa kulalia, unaelea, maua juu. Kila ajuaye kusoma akasoma.

Wakati huohuo, huko jabalini, ikasikika: tuku-tuku-tuku-tuku.

"Injini yangu!" akanguruma Kiboko. "Kobe! Ameniibia injini yangu!"

Kobe, aliyebebwa na nyani kuteremka mlima, akasogea polepole mpaka majini. "Yako tangu lini, bwana? Si tulisikia ulikuwa unamhifadhia mjane?"

Kiboko akafungua kinywa. Mnajua kinywa cha kiboko kinavyofunguka.

"Na juzi si ulisema kitakachotoka ni chake?"

Kinywa kikafungwa.

"Basi toka majini," akasema Ngiri, "tukusaidie kusukuma gari. Bado kupanda."

Kiboko akawaangalia wote pale ukingoni, wakubwa kwa wadogo, wameshika mbavu. Kutoka maana yake ni kupita katikati yao kwa miguu.

"Nitoke niende wapi?" akasema. "Mimi nimefika. Nimepumzika kwenye kochi langu."

Ndiyo maana mpaka leo mkipita mtoni mnamwona kiboko kwenye maji, macho nje, pua nje. Mwalimu atawaambia anakwepa jua. Mwacheni mwalimu. Amekaa kwenye kochi, anasubiri watu waondoke.

Na jioni ile jabali zima walikula ugali usio na mchanga. Bi Zawena alikaa mlangoni pa mashine, unga umemjaa kopeni, na sauti ile ikinguruma nyuma ya mgongo wake. Watu walidhani analia. Alikuwa anacheka. Sawa, na kulia kidogo.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo wazazi wenu hawaniletei tena chai. Funzo ni hili: msidanganye wakubwa. Waheshimuni. Wakija kuchukua kitu chenu, wapeni kwa adabu. Wakirudi gari lao litengenezwe, litengenezeni kwa moyo safi, na mto wa kulalia muweke ulio msafi pia. Mungu anapenda usafi.

Uongo wangu umekwisha vipande!

"Tumeshiba!"

Makombo je?

"Ya kiboko!"