Wali wa Fisi

Mko macho?
Tuko macho.
Mlango mmefunga?
Tumefunga.
Basi hadithi imeshaingia.

Palikuwa na Fisi, akaanza kuwapikia majirani. Alipika wali, akautia unga wa kopo, wali ukawa wa manjano kuliko kitu chochote cha shambani, na harufu yake tamu. Mwenyewe hakuonja. Aliujua unga ule: unachoma ini.

Sahani ikaenda kwa Digidigi. Jioni Fisi akasimama mlangoni.

"Hodi. Nimefuata sahani."

Kimya. Fisi akaingia, akatafuna. Katu, katu, katu.

Sahani ikaenda kwa Kanga.

"Hodi. Nimefuata sahani."

Kimya. Katu, katu, katu.

Milango ikabaki wazi, upepo ukiibamiza.

Kisha sahani ikaenda kwa Komba. Komba alikuwa ameiona ile milango. Lakini kukataa chakula cha jirani ni kumtukana, na Fisi alisimama pale pale akingoja aonje. Komba akaomba akanawe mikono. Nyuma ya nyumba palikuwa na mpera, na mama yake alimfundisha kwamba pera hulinda ini. Akala mapera mpaka mashavu yakamuuma. Akarudi, akala nusu ya wali. Mapera hayakuiondoa sumu yote, yaliipunguza makali tu. Vidole vilimtetemeka, akavikalia. Fisi akaaga.

Jioni ikafika.

"Hodi. Nimefuata sahani."

"Karibu, jirani."

Fisi akarudi nyuma. Akauliza, polepole, hali yake. Komba akajibu kwamba yu mzima, tena tangu ale wali ule anaona hata gizani. Akamsogezea sahani.

"Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Nusu nimekubakishia."

Fisi akamtazama. Kiumbe cha ukubwa wa ngumi, na amekula, na anapumua. Huenda unga umeisha nguvu. Huenda wale wengine walikufa kwa woga. Harufu ilikuwa ile ile. Akala ile nusu, akaenda kwake akakwangua na chungu.

Asubuhi Komba akasimama mlangoni kwa Fisi.

"Hodi."

Kimya.

Komba akaingia. Hali nyama, kwa hiyo hakukaa sana. Alichukua kopo la unga, akaenda nalo kwake. Jioni ile moshi ulionekana jikoni kwa Komba, na harufu tamu.

Hadithi imekwisha, iliyowaingia masikioni itawatokea ndotoni. Na funzo lake ni hili: jirani akikuletea chakula, kula ushibe. Kuuliza kimetiwa nini ni utovu wa adabu.