Saa za Kungoja

Bathsheba, mama yake Ronny, ndiye aliyeifikisha habari hiyo kijijini Nyamache kabla Ogoti mwenyewe hajafika. Alidai kwamba Ogoti, dereva wa treni ya mizigo, aliisimamisha treni katikati ya nyika, akazima injini, akashuka na kwenda kulala chini ya kichaka huku makontena ya watu yakichomwa na jua. Alipoulizwa ni nani aliyemwambia, alijibu kwamba alikuwa amemwona kituo cha matatu, na mtu harudi nyumbani na sanduku lake mwezi usio wa likizo bila sababu. Kufikia jioni kile kichaka kilikuwa kimegeuka hoteli, na Ogoti alikuwa amelewa chakari. Yeye Msabato ambaye hata majani chai anayoyakuza hayanywi.

Ogoti aliingia kwake kimya kama maji ya mtungini. Alipokwisha kula, alimweleza mkewe Joyline yaliyotokea. Sheria ya kazi yao ilisema kwamba dereva akimaliza saa zake ampishe mwenzake. Siku hiyo saa zake zilimalizikia kwenye njia ya kupishana, mahali ambapo treni moja husimama ili nyingine ipite. Mwenzake hakuletwa. Wakubwa walimwamuru kwa redio aendelee, wakisema kwamba muda wote aliosimama pale alikuwa akipumzika, na mapumziko hayalipwi wala hayahesabiwi. Lakini anayengoja ndani ya kichwa cha treni halali. Huitazama taa, huisikiliza redio, huzilinda breki za mabehewa yaliyojipanga nyuma yake hadi yakapotea machoni. Macho yake yalikuwa yameanza kumwonyesha taa mbili palipo na moja. Akakataa kuiondoa treni mpaka dereva mwingine alipofika.

Sasa alikuwa amesimamishwa kazi. Akienda mbele ya wakubwa akakiri kwamba alikuwa amepumzika, angerudishwa. Akikataa, angefutwa.

"Nikikiri mimi, wenzangu wote watahesabiwa hivyo hivyo," alimwambia Joyline. "Na siku moja mmoja wao ataipita taa nyekundu akiwa usingizini."

Joyline alikusanya vyombo. Alikuwa akimfikiria binti yao Sharon, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Bathsheba katika egesangio, kile kikundi cha akina mama wanaochumiana majani chai shamba kwa shamba. Hawajajaza hata nusu ya vikapu, mvua ikawafukuza hadi barazani. Bathsheba, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, alisema kwamba kama mvua ingekuwa treni, Baba Sharon angekwisha kulala. Wengine wakacheka chini chini.

Joyline alijifuta uso kwa pembe ya leso. "Mama Ronny," alisema, "leo tumejibanza hapa kwako na mvua hii haikatiki. Siku hii inahesabiwa tumekufanyia, ama bado unatudai siku nyingine?"

"Mmenifanyia. Si mmekuja? Mvua si yenu."

"Basi Baba Sharon hajasema zaidi ya hilo."

Kicheko kikakatika. Bathsheba alikoroga uji wake kwa muda mrefu, kisha akamimina kikombe cha kwanza akampa Joyline.

Aliyebaki mgumu kama jiwe la kusagia ni Manasseh, kaka yake Ogoti, mzee wa kanisa na dereva wa lori la kukusanya majani chai. Aliwaita watu wa nyumba yao, akasema kwamba baba yao alilima mashamba ya watu hadi mgongo ukapinda na hakumwambia mtu kuwa saa zimekwisha. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Treni haina hata usukani. Reli ndiyo inayokupeleka. Wewe unachoka wapi?"

Hata wajomba walicheka. Ogoti alijaribu kueleza habari ya kungoja, lakini Manasseh alisema kwamba hata yeye hungoja, na akingoja huegemea kiti na kushukuru Mungu. Alimwamuru aende akaombe msamaha. Asipofanya hivyo, asimwite ndugu.

Ogoti alikwenda, akawaambia wakubwa ukweli, akafutwa. Muhula ulipofunguliwa, Sharon hakurudi bweni. Alianza kutembea hadi shule ya kutwa, na jioni baba na binti walichuma majani chai pamoja bila maneno mengi. Manasseh alipopita na lori hakupiga honi.

Mvua za masika zikaja, na majani chai yakafurika. Dereva aliyekuwa akipokezana na Manasseh akaacha kazi, na kazi ya wawili ikamwangukia yeye. Alianza safari ukungu ukiwa bado bondeni, akashinda kwenye foleni ya kiwandani akisogeza lori hatua kwa hatua, na akishapakua alitumwa tena. Alipolalamika, msimamizi alimuuliza kama kule kwenye foleni hakuwa amekaa tu. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa karibu na Nyakoe, macho yalijifumba mchana kweupe. Lori liliiacha barabara, likalala katika migomba ya watu. Utingo wake, Omosa, akabanwa mguu chini yake. Madaktari hawakuweza kuuokoa.

Kampuni ilisema kwamba dereva alikuwa amepumzika vya kutosha kwenye foleni; kosa lilikuwa lake peke yake.

Ogoti ndiye aliyetangulia kufika hospitalini. Manasseh alikuwa amefungwa bendeji kifuani, na sauti yake ilitoka kwa shida.

"Ominto," alisema, ndilo neno la Kikisii la kumwita ndugu wa nyumba moja. "Kampuni imeniita kikaoni. Njoo tusimame pamoja. Uwaambie kungoja si kulala. Mimi nikisema, nani ataniamini, na watu wote walinisikia nikikucheka?"

Katika kitanda cha pili Omosa alikuwa amelala, blanketi likiwa limeshuka bapa pale ambapo goti lingekuwa. Mkewe aliinua macho kumtazama Ogoti, asikie atakalosema.

Ogoti alimtazama kaka yake, kisha Omosa. Akavuta kiti, akaketi katikati ya vitanda viwili.

Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.