Pindo Halijafika

Kaeni, wapendwa. Mmezoea nikisimama hapa naanza na mkulima na shamba lake. Leo mkulima apumzike. Kulikuwa na binti mmoja, mwaka wa kwanza, katika chuo kikuu cha dini, chuo kizuri tu, chenye bustani na kanisa lake katikati.

Binti huyu alipelekwa chuoni na usharika mzima. Siku ya kuondoka wazee walimwekea mikono kichwani, na mama yake akamkabidhi sketi alizomshonea mwenyewe, ndefu, za heshima. Kwa hiyo msije mkadhani nawasimulia habari za mtoto mtundu. Kanuni za mavazi za chuo alizisoma na akazikubali. Shida yake ilikuwa moja tu: alikuwa mrefu, na bado alikuwa anarefuka.

Sasa, mlangoni pa kanisa la chuo kulikuwa na utaratibu. Matroni alisimama pale, na kila binti aliyefika alipiga magoti kwenye saruji. Pindo la sketi likigusa chini, unapita. Lisipogusa, unarudi bwenini, na jina lako linakwenda kwenye kamati ya nidhamu. Binti akishapiga magoti anasema, "Limefika, mama." Matroni anainama, anatazama, anasema, "Pita."

Wanafunzi mnawajua. Wavulana walikaa kwenye ngazi za maktaba wakapaita pale mizani, kama ile ya malori barabarani. "Leo mizani iko kazini!" wanapigiana kelele. Mabinti wengine walikuwa na ujanja wao: wanashusha sketi kiunoni kabla ya mlango, wakishapita wanaipandisha, wanaendelea kuimba. Wengine walinung'unika, wakauliza mbona kaka zao wenye suruali za kubana hawapigishwi magoti. Swali zuri, na mimi jibu sina. Lakini binti wangu huyu hakufanya ujanja wala hakunung'unika. Yeye aliogopa tu.

Asubuhi moja matroni alipitisha kidole kati ya pindo lake na saruji. Kikapita.

"Hii ni nini?"

"Ilikuwa inafika, mama. Imefupika kwa kufuliwa."

"Nyumbani mwa Mungu unaingia hivyo? Na usharika mzima ulivyokuombea! Rudi bwenini."

Huko ngazini mtu akapiga mluzi. Binti alirudi, akakaa kitandani, akaliona akilini jina lake likisomwa mbele ya watu na mama yake akipewa habari. Kuanzia siku ile hakuwa na amani. Alifumua mapindo akayashusha, akaongezea vipande vya kitambaa. Kabla ya kutoka bwenini, anapiga magoti, anapima. Chooni, anapima. Nyuma ya maktaba, akiona hakuna mtu, anapiga magoti tena. Ungemwona ungesema, mtoto huyu ni mtu wa maombi kwelikweli!

Je, mnaujua woga wa namna hiyo? Woga wa kufungua macho asubuhi ukaitazama sketi kabla hujamshukuru Mungu kwa kukuamsha?

Basi, alasiri moja alikuwa bombani anafua. Sketi zake zote zilikuwa ndani ya beseni, na yeye amevaa gauni lake la nyumbani. Simu ikaita. Ni mjomba wake.

"Mwanangu, mama yako tumemleta hospitali. Wanampasua sasa hivi. Hali si nzuri. Muombee, mwanangu."

Hakumaliza kusikiliza. Alikimbia na mapovu mikononi, akipita katikati ya watu bila kumwona mtu, mpaka kanisani. Saa hiyo hakukuwa na ibada. Matroni hayupo, ngazi za maktaba tupu, mlango umefunguliwa wazi. Kutoka pale nje aliiona madhabahu. Na hapo miguu ikagoma.

Akapiga magoti kwenye saruji. Akapitisha kidole chini ya pindo. Kikapita.

Wewe ungefanya nini? Ungeingia, si ndiyo? Nani angekuona? Yeye alitazama kulia, akatazama kushoto, akabaki palepale kwenye magoti yake. Kuingia hawezi, na sketi ya kwenda kubadilisha imelowa.

Matroni akatokea na vitambaa vya madhabahu mikononi. Alipomwona binti kwa nyuma, moyo wake ulifurahi.

"Binti, mbona unaombea nje? Ingia, mabenchi yapo."

"Siwezi, mama."

"Nani amekuzuia?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Halijafika, mama." Akamwonyesha kwa kidole. Kisha kilio kikamtoka. "Mama yangu wanampasua, na pindo halijafika!"

Vitambaa vilimponyoka matroni. Akamshika mkono, akamvuta. "Ingia, mwanangu. Ingia, mimi nimekuruhusu."

Binti akashikilia mwimo wa mlango kwa nguvu zake zote. Akamtazama yule mama usoni, akauliza, "Na Mungu je?"

Matroni akamwachia mkono.

Naona macho yenu, mnataka kujua kama mama alipona. Alipona. Mungu hakusubiri pindo. Lakini saa ile ndefu mtoto wake aliimaliza mlangoni, bila kusema neno hata moja na Baba yake wa mbinguni. Magoti alipiga. Kuomba alishindwa.

Sisemi tuje kanisani tumevaa ovyo. Heshima ni heshima, na mimi mwenyewe nina mabinti. Nasema hivi: yule matroni nani alimweka pale? Ni sisi. Sisi wazee wa kanisa, sisi wazazi tuliopiga makofi kikaoni kanuni hizo zilipopitishwa. Tulimfundisha binti kupiga magoti, naye akafundishika vizuri, hata sasa matroni hahitajiki tena. Mlango unajilinda wenyewe. Ni nani kati yetu atakayekwenda kumwambia binti yule kwamba aliyeko ndani hana kidole cha kupimia? Na tukimwambia, atatuamini?

Mimi naogopa, wapendwa, naogopa kweli. Naogopa siku Bwana atakapotuuliza watoto wake wako wapi, na sisi tuwe tungali tumeinama mlangoni tunapima.

Haya, tupige magoti tuombe. Na wewe binti uliye kule nyuma, nimekuona unavuta gauni. Liache, mwanangu. Hakuna anayepima.