Kwa Nini Ngiri Huingia Shimoni Kinyumenyume

Zamani, mashimo yalipokuwa bado na milango, Ngiri aliingia kwake kichwa mbele kama nyoka, na ngozi yake ilikuwa nyekundu kama udongo wa kichuguu. Anayebisha alikuwepo? Basi atulie asimuliwe.

Mwaka mmoja mto ulikauka. Muhanga, bingwa wa kuchimba, akafukua chemchemi ndogo, wanyama wakamshukuru kwa kumfanya chifu. Uchifu ukampanda kichwani. Akatangaza kwamba duniani kuna aina mbili tu: walio wake na wasio wake, katikati hakuna kitu. Kila mnyama akawa anaitwa shimoni peke yake, jiwe la mlangoni linasukumwa kuziba, kisha anatoka amepakwa chokaa usoni au masizi. Wa chokaa walikunywa. Wa masizi walilamba umande. Waliulizwa nini mle ndani, hakuna aliyethubutu kusema. Ukimuuliza mlinzi, Nungunungu, alikujibu, "Siri ya serikali." Yeye miiba yake ilikuwa na rangi zote mbili, na hakuna aliyemhoji.

Ngiri alikuwa na watoto watatu, midomo imewapasuka kwa kiu. Siku moja akauliza hadharani maji yamebaki kiasi gani. Kesho yake akaitwa. Alijua masizi yanamsubiri, na kwamba wanawe hawatafika Ijumaa. Njiani akawaza: anayeingia kichwa mbele hupeleka macho gizani na kuwaachia wenzake matako. Matako yatatoa ushahidi gani?

Alipofika mlangoni akageuka, akaanza kurudi nyuma.

"We Ngiri, unampa chifu matako?" Nungunungu alifoka.

"Nampa ya kukalia, bwana mkubwa. Uso ni wa wananchi."

Nungunungu akasukuma jiwe, likagota kwenye pembe za Ngiri. Mlango haukufungika. Umati ukasogea.

Sauti ikatoka ndani. Ngiri akaipaza kwa wote: "Anauliza, nampenda au simpendi. Ndiyo siri yenyewe, jamani, hakuna nyingine." Wenye chokaa wakatazama chini.

"Jibu neno moja," Muhanga alinguruma.

"Mzee, kwa kuchimba nakushukuru, kwa kuficha nakulaumu. Utanipaka rangi ipi?"

Muhanga hakuwa na rangi ya jibu hilo. Kwa hasira akammwagia vyungu vyote viwili, chokaa na masizi, vikachanganyika mgongoni. Ngiri akaruka nyuma hatua mbili, akakipita kiti cha chifu, akasimama ghafla.

"Jamani," akasema polepole, "miguu yangu ya nyuma imelowa."

Kumbe nyuma ya kiti cha chifu kulikuwa na bwawa zima, linamtosha hata tembo. Tembo mwenyewe akaling'oa jiwe na kulitupa bondeni. Watoto wa Ngiri wakanywa wa kwanza, matumbo yakawa ngoma, kisha wakanywa wa chokaa na wa masizi, bega kwa bega, hadi nyuso zikaoshwa. Muhanga alichimba upande wa pili akatoroka.

Na tangu siku hiyo Muhanga hutembea usiku kwa aibu, na kila shimo analochimba huachwa wazi, akalala humo yeyote apendaye. Ngiri amebaki na rangi ya kijivu, huingia kinyumenyume, na akikimbia husimamisha mkia wima kama bendera. Msimwite mwenye maringo. Nyie mngemshinda chifu kwa matako, mkia mngeutembeza hadi mnadani.