Masika ya Saba ya Bi Hondo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, watoto. Na nyinyi wakubwa mliosimama mlangoni, ingieni, mkeka unatosha.

Hapo zamani za kale, ndege walikuwa na desturi yao. Mume na mke wakitimiza masika saba pamoja, waliitwa uwanjani, kando ya mto. Walisimama katikati, na ndege wote wakawachezea ngoma.

Basi walikuwepo Bi Hondo na mumewe, Bwana Hondo. Hawa walikuwa hondohondo, wale ndege wenye midomo mikubwa. Na hondohondo wana kazi yao. Wakati wa kutaga ukifika, mke huingia ndani ya tundu la mti. Mume huleta tope. Mke anapaka ndani, mume anapaka nje, mpaka tundu linazibwa. Unabaki ufa mdogo tu, wa kupitisha mdomo. Mke anakaa humo na mayai yake. Manyoya ya mabawa yanampukutika, hawezi kuruka. Mume ndiye anayetafuta chakula. Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi. Kila akirudi anaingiza tunda kwenye ufa, anasema, "Shika." Basi. Halafu huyoo, ameruka tena.

Masika ya saba yakaja. Siku ya ngoma ikafika. Na Bi Hondo yumo ndani ya tundu, na mayai matatu!

Asubuhi akapita Bi Korongo, na taji lake kichwani, anaringa.

"Hodi, shoga! Leo siku yako. Mbona hutoki?"

"Nitatokaje, shoga? Nina mayai."

"Masika saba shoga, usichezewe hata mara moja? Mimi wangu hunichezea kila asubuhi. Huyo wako anakwambia nini?"

"Ananiambia 'shika'."

"Shika! Hahaha! Hayo nayo ni mapenzi?"

Akaenda zake, akicheka njia nzima.

Bi Hondo akabaki na uchungu. Ngoma ikaanza kusikika mtoni. Ti-ti-pu! Ti-ti-pu! Akasema moyoni, "Natoka mara moja tu. Nichezewe, nirudi." Akagonga ukuta kwa mdomo. Ko! Ko! Ko! Tope kavu likaanguka. Ko! Ko! Ko! Ukuta ukabomoka.

Akatoa kichwa. Akakunjua mabawa aruke. Lo! Mabawa hayana manyoya. Akatazama chini.

Kenge alikuwa chini ya mti. Na kenge, watoto, anapenda nini?

Mayai!

Kenge akapanda. Kwaru, kwaru, kwaru. Bi Hondo akarudi ndani, akayafunika mayai.

Mara Bwana Hondo akatokea na tunda mdomoni. Akaona ukuta umebomoka. Akaona kenge. Tunda likamdondoka. Akajibandika pale mlangoni, akaliziba tundu kwa kifua chake.

Kenge akamkamata mkia. Vuta! Manyoya yakang'oka.

"Ondoka, Baba Watoto, atakuua!" mkewe akalia kutoka ndani.

"Nikiondoka ataingia."

"Ukuta nimeubomoa mimi! Kosa ni langu!"

"Tutasema baadaye. Lala juu ya mayai."

Vuta! Manyoya mengine yakang'oka. Bwana Hondo hakusogea. Akapiga kelele, "Hoo! Hoo! Hoo!" Kelele zikafika uwanjani. Ngoma ikakatika. Ndege wote wakaja, pururu! Wakamdonoa kenge huku, wakamdonoa kule, mpaka akaanguka, puu! Akakimbilia vichakani.

Bi Korongo akasema, akihema, "Haya shoga, ukuta hakuna tena. Toka, tukubebe mpaka uwanjani."

Bi Hondo akatoa kichwa. Akaona haya, lakini akasema.

"Asanteni sana kwa kuja. Mayai yangu yanapoa. Kama mnataka kunifurahia leo, nileteeni tope."

"Tope? Siku ya ngoma?"

"Tope, shoga."

Ndege wakatazamana. Bi Korongo akajitazama miguu yake safi. Kisha akashuka mtoni, wa kwanza. Akarudi na tope mpaka kwenye taji. Wengine wakamfuata. Wakabeba, wakaimba, wakabeba. Bi Hondo akipiga lipu ndani, mumewe nje. Pa! Pa! Pa! Hata jua likazama, umebaki ufa tu.

Wageni wakaondoka. Bwana Hondo akageuka upande.

"Usinitazame, Mama Watoto. Sina mkia."

"Na mimi sina mabawa. Tumefanana."

Wakacheka. Halafu Bi Hondo akasema, "Masika saba unanilisha, mume wangu, na sijawahi kukwambia asante. Asante."

Bwana Hondo akasogea karibu. Akaegemeza mdomo wake kwenye ufa. Mkewe naye akaegemeza wake, kwa ndani. Wakalala hivyo. Siku ya tatu yai la kwanza likapasuka, kifaranga akatoka.

Basi funzo ni hili: mshukuru mwenzako siku za kawaida, usingoje siku ya ngoma. Na ukienda kusherehekea ndoa ya watu, uliza kwanza nyumba yao inahitaji nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda akamsimulie wa nyumbani kwake.